Kusoma dini si kuhubiriwa

Mkutano wa wazazi ulikuwa umekwisha, viti vinakunjwa, ndipo mama mmoja wa mtaa wa Umoja aliponifuata mlangoni. Bintiye yuko Gredi ya 10, mkondo wa Sayansi ya Jamii, na katika masomo yake matatu ya kuchagua ameweka CRE, yaani somo la dini ya Kikristo. "Daktari," akasema, "nimekusikia ukitaka watoto wasome dini za watu wengine, mpaka na wale wasioamini kitu. Sasa huyu wangu akija akaniambia kanisani haendi tena, nikutafute wapi?"

Wazazi waliokuwa karibu walicheka. Yeye hakucheka, na alikuwa na haki yake. Mimi hufundisha walimu wa masomo ya dini chuoni hapa Nairobi, na swali hilo hulisikia kwa sura nyingi: kwa maimamu, kwa mapadri, kwa wakuu wa shule, hata kwa wanafunzi wangu wanaojiandaa kushika chaki. Kundi la kwanza la sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, limeingia darasani Januari 2026. Heri nijibu hadharani.

Tukisema "dini shuleni" huwa tunatia vitu vitatu katika kapu moja. Kuna ibada: sala ya paredi, misa ya kuwaombea watahiniwa. Kuna malezi ya kiroho: kile kipindi cha PPI, ambapo padri, mchungaji au ustadhi huja kuwakuza vijana wa imani yake. Na kuna somo, lenye mwalimu, mtaala na mtihani. Katika ibada na malezi kijana hualikwa kuamini. Katika somo hutakiwa kuelewa, na mwalimu hana ruhusa ya kumwongezea alama kwa uchaji wake. Afrika Kusini iliitenga mipaka hii katika sera yake ya taifa ya mwaka 2003, na kuanzia Gredi ya 10 hadi ya 12 wana somo la hiari ambamo Mkristo, Mwislamu, Mhindu na mfuasi wa dini ya jadi hukaa benchi moja wakasoma dini zote hizo pamoja.

Kenya tulishika njia nyingine. Tuna CRE ya Wakristo, IRE ya Waislamu na HRE ya Wahindu, kila moja na chumba chake. Hiyo HRE wengi hawaijui vizuri: chini ya jina la Uhindu wamo pia Majaini, Mabudha na Masingasinga. Hawa wa mwisho mitaani tunawaita Kalasinga, kwa jina la Kala Singh, mfanyabiashara wa zamani wa mji huu. Jamii nzima tumeibandika jina la mwenye duka!

Mpango wetu una faida yake, nami sitaki ubomolewe. Kijana aliyesoma CRE kwa dhati hukutana na nabii Amosi akiwakemea matajiri wanaopunja maskini kwa vipimo vya uongo, na kitu kama hicho hakisomwi juu juu. Tatizo langu ni unene wa kuta. Kijana huyo huyo amepitia Makindu akienda Mombasa na wazazi wake, akaketi katika gurudwara, hekalu la Masingasinga, iliyojengwa mwaka 1926, akala chapati na dengu bila kulipa hata shilingi. Muulize kwa nini Masingasinga hulisha kila apitaye njia. Atakwambia ni watu wakarimu. Kwamba kula pamoja, mkubwa kwa mdogo, ni msingi wa imani yao, hakuna aliyemfundisha.

Wilfred Cantwell Smith, mtaalamu wa dini kutoka Kanada, aliweka kipimo ambacho walimu wangu hulazimika kukikariri: unaloeleza kuhusu imani ya mtu halijawa sahihi mpaka mwenyewe akilisikia aweze kusema, naam, huyo ni mimi. Rahisi kusema. Kila mwaka nawapa walimu wanagenzi zoezi la aya moja: andika kuhusu imani isiyo yako, kisha msomee mwenye imani hiyo. Mwislamu aliwahi kuandika kwamba Wakristo wana miungu watatu. Mkristo aliyekaa kando yake akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Zamu yake ilipofika, naye akasoma kwamba Waislamu humwabudu Mtume Muhammad, na sasa wa kuruka akawa yule wa kwanza. Wote wawili walikulia Eastleigh.

Kinachonishangaza ni kwamba lugha yetu imekwisha kuwakutanisha watu hawa. Mkristo wa Kiswahili akisema malaika, nabii, dhambi, sadaka, imani, ibada, Injili, hata neno kanisa lenyewe, anatumia maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Mwislamu naye akisema Mungu anatumia neno la Kibantu lililokuwepo kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga. Wanaombea katika nyumba moja ya maneno na kila mmoja anamwona mwenzake mgeni.

Sasa tuje kwa wale waliomtia mama wa Umoja hofu.

Sensa ya mwaka 2019 iliuliza kila Mkenya dini yake. Waliojibu kwamba hawana dini au hawaamini kuna Mungu walizidi 750,000, yaani asilimia 1.6 ya watu wote. Wanawazidi Wahindu zaidi ya mara kumi, na wafuasi wa dini za jadi zaidi ya mara mbili. Hao wana watoto, na watoto hao wako shuleni. Katika masomo yale matatu hakuna lenye jina lao.

Wala hatuna jina jema la kuwaita. Mpagani ni tusi. Kafiri ni tusi kubwa zaidi. Mlahidi lipo kwenye kamusi, ila ukilitumia kwenye matatu watu watadhani umetaja ugonjwa. Tena tunawachanganya wote. Kuna anayesema hakuna Mungu. Kuna anayesema jambo hilo binadamu hawezi kulijua kwa hakika. Kuna aliyeondoka kanisani kwa kuchoshwa na harambee lakini bado husali usiku. Na kuna anayejenga maadili yake juu ya utu wa binadamu, bila kumhusisha Mungu, huku akifuata misimamo yake kwa ukali kuliko waumini wengi ninaowajua. Hao ni watu wanne wenye mitazamo minne. Darasa likiwaita wote "watu wasio na maadili" halijafundisha kitu, na kwenye kipimo cha Smith limeanguka.

Wengine huniambia kutoamini ni kitu cha Wazungu kilichokuja na intaneti. Hapo huwarejesha kwa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995. Alikwenda vijijini na kinasa sauti kuwahoji wazee waliosifika kwa hekima. Hakutafuta wanaokariri mila. Alitaka wanaozifikiria, wanaoweza kusema mila hii ina mantiki na ile haina. Miongoni mwa waliorekodiwa yumo mzee aliyemwona Mungu kuwa ni wazo la wema wenyewe, wazo lenye manufaa kwa maisha ya watu. Huyo hakuwa na simu wala data. Alikuwa na kigoda na muda wa kufikiri.

Na kama mwalimu wa Gredi ya 12 anatafuta mjadala wa kuchemsha darasa, asihangaike kwenda mbali. John Mbiti, mwana wa Kitui aliyezaliwa mwaka 1931, alitumia maisha yake ya usomi kuonyesha kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya wamishonari na kwamba dini imejaa katika kila pembe ya maisha yao. Okot p'Bitek, Mganda aliyefundisha Nairobi miaka ya sabini, alimpinga: wasomi kama hao, alisema, wameivisha miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki ili ifanane na Mungu wa Biblia. Nani alikuwa na haki? Mimi nina upande wangu, lakini darasani siutaji kabla ya kipindi cha mwisho. Wanafunzi wakigundua mapema mwalimu yuko wapi, wanaacha kufikiri na kuanza kunakili.

Mtazamo wa maisha hauhitaji msikiti wala hekalu ili uchunguzwe. Ninian Smart, aliyeanzisha idara ya masomo ya dini katika chuo kikuu cha Lancaster, Uingereza, mwaka 1967, alifundisha kuitazama dini kwa pande zake: matendo ya ibada, masimulizi, mafundisho, maadili, jumuiya, hisia, vitu vinavyoonekana. Kisha akautumia mpango huo huo kutazama Umaksi na uzalendo. Jaribu na sherehe ya Jamhuri: kuna mavazi maalumu, kuna simulizi ya mashujaa, kuna wimbo unaoimbwa watu wakiwa wima. Nao wimbo huo wa taifa una muziki wa bembelezi la Wapokomo na maneno yanayoanza kwa kumwita Mungu. Je, hiyo ni dini? Vijana wa miaka 16 wanaweza kubishana hapo kipindi kizima na kengele ikalia hawajachoka.

Wakimaliza, wape Katiba ya mwaka 2010. Utangulizi unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Ibara ya 8 inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Ibara ya 32 inalinda dhamiri, dini, fikra na imani ya kila mtu, na inakataza kumlazimisha yeyote kutenda kinyume na imani yake. Maneno hayo yamewekwa kwenye mizani ya mahakama zaidi ya mara moja, na mara nyingi kiini cha kesi kilikuwa shule. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwaunga mkono wanafunzi Wasabato waliotaka Jumamosi yao iheshimiwe. Suala la hijabu katika shule moja ya Isiolo lilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2019 ilitengua ushindi ambao upande wa hijabu uliupata Mahakama ya Rufani, hasa kwa sababu ya jinsi dai lilivyofikishwa kortini. Mwaka huo huo msichana wa Nairobi aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya rasta zake alishinda Mahakama Kuu, na Urastafari ukatambuliwa kuwa imani inayolindwa na sheria. Nyuma ya kila kesi kulikuwa na mwalimu, au bodi, iliyokutana na imani isiyoijua, mkononi ikiwa na kanuni za sare na ratiba tu.

Hata hivyo kipimo cha Smith peke yake hakitoshi, nami nililijua hilo vizuri mwaka 2023. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wengi wao wakiwa wamefunga kula hadi kufa kwa kuambiwa watakutana na Yesu. Ungewaeleza waumini wale imani yao wenyewe, wangekwambia naam, ndiyo sisi. Kwa hiyo mwanafunzi lazima awe na swali la pili mkononi: nani anaumia, na nani amekatazwa kuuliza? Swali hilo huulizwa kanisani, msikitini, kwenye kaya za dini ya jadi, na kwenye kikundi cha wasioamini pia, maana kiongozi asiyeulizwa hachagui mlango. Somo linalomfundisha kijana kukariri mistari bila kumfundisha kuuliza linamwacha bila kinga siku ambayo mhubiri mwenye maikrofoni atamwambia aache masomo.

Nilimwambia mama wa Umoja hayo kwa ufupi, mlangoni pale, mlinzi akitikisa funguo. Kuhusu imani ya bintiye sikumwahidi kitu. Hakuna mwalimu mkweli anayeweza kuahidi. Nilimwambia tu kwamba hoja za kupinga dini binti huyo alishakutana nazo kwenye simu, bila mtu wa kumuuliza, na kwamba darasani angalau zingekuja pamoja na majibu yake. Tena nikampa mambo ya kupeleleza shuleni: anayefundisha somo hilo amesomea kazi hiyo, au ni yeyote aliyekuwa na nafasi? Mtihani wa ndani unauliza "eleza" na "linganisha", au "taja" tu mwanzo hadi mwisho? Mwanafunzi akikataa kushiriki sala, hufanywaje?

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kitu ambacho hakikuhusu binti. Ploti wanayokaa wana jirani Mwislamu, mlango kwa mlango, mwaka wa tisa huu. Husaidiana unga, hulindiana watoto. Kila mwaka Idi ikishaliwa, mwenzake hufunga tena siku sita, na yeye hajawahi kujua ni za nini. "Mimi hudhani ameona Ramadhani haikutosha," akasema.

Nilimweleza kwamba ni sita za Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, funga ya sunna isiyo ya lazima, na kwamba jirani mwenyewe angemwambia vizuri kuliko mimi. Nikampendekezea amtume binti akaulize, aandike aya moja, kisha amsomee jirani huyo, aone atasemaje.

"Binti ana kazi nyingi," mama akasema, akijifunga leso. "Acha niende mimi."