Kuhesabu mbavu kuanzia ubavu wa pili

Kila muhula mpya huwaomba wanafunzi wangu wa anatomia waniwekee kidole juu ya ubavu wa kwanza, na karibu wote huteremsha kidole kutoka kwenye mtulinga (mfupa wa mlalo kati ya shingo na bega) hadi mfupa wa kwanza wanaoukuta. Mfupa huo ni ubavu wa pili. Ule wa kwanza, ambao ni mfupi, mpana na uliopinda kuliko wote, umejificha nyuma ya mtulinga na ni vigumu kuupapasa. Hata mimi nilikosea hivyo nilipokuwa mwanafunzi. Kosa huonekana dogo, lakini anayechoma sindano kifuani kwa hesabu hiyo huishia nafasi moja ya kati ya mbavu chini ya alipokusudia.

Ndiyo maana hufundisha hesabu ianzie kwenye kidari, mfupa wa katikati ya kifua. Mfupa huu una sehemu tatu: ya juu, iliyo pana na iliyoungana na mitulinga, shina refu, na ncha ndogo kwenye chembe cha moyo, ambayo kwa kijana ni gegedu (tishu imara inayonyumbuka) na hugeuka mfupa taratibu kadiri umri unavyosonga. Sehemu ya juu inapokutana na shina kuna tuta dogo la mlalo, ambalo utalisikia ukiteremsha kidole sentimita kama 5 kutoka kwenye kishimo cha shingo. Pembeni mwa tuta hilo, kulia na kushoto, ndipo ubavu wa pili unapojishikiza, na kutoka hapo unaweza kuhesabu bila wasiwasi.

Jozi zote 12 za mbavu zimeshikana na pingili za mgongo kwa nyuma. Mbele, jozi 7 za juu hufika kidarini kila moja kwa gegedu lake, ya 8 hadi ya 10 huegemea gegedu la ubavu ulio juu yake, na mbili za mwisho huishia ndani ya misuli. (Bado huulizwa kama mwanamume ana ubavu mmoja pungufu. Hana, mwanamume na mwanamke wote wana 24, ingawa wachache huzaliwa na wa ziada shingoni.)

Kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu, upande wa ndani, kuna mfuo unaohifadhi vena, ateri (mishipa ya damu) na neva, zikipangana kwa utaratibu huo kutoka juu. Kwa sababu hiyo sindano hupitishwa juu tu ya ubavu wa chini, kamwe si chini ya ubavu wa juu.

Kifua hakifanani na sanduku. Kinafanana zaidi na tenga lililosukwa. Mbavu zimeinama kuelekea mbele, hivyo mtu anapovuta pumzi, mbavu za juu husukuma kidari mbele na juu, na za chini hufunguka pembeni kama mshikio wa ndoo unaoinuliwa. Unyumbufu huo hutegemea sana magegedu. Mtoto anaweza kuumia mapafu bila mfupa wowote kuvunjika, ilhali kwa mzee, ambaye magegedu yake yamekakamaa na mifupa imedhoofika, kuanguka kidogo tu hutosha kuvunja ubavu.

Mbavu za chini, licha ya kuitwa za kifua, hufunika viungo vya tumbo: ini kulia na bandama kushoto. Aliyeanguka na bodaboda akavunjika ubavu wa 9, 10 au 11 upande wa kushoto achunguzwe tumbo pia, hata kama anapumua vizuri.