Mkubwa Haendi, Anapelekwa

Msafara ukipita na ving'ora vyake, sisi tuliosimamishwa pembeni huwaza kitu kimoja: yule aliye nyuma ya kioo cheusi anafaidi. Sisemi tumwonee huruma, cheo alikitafuta mwenyewe. Ila mengi tunayoamini juu yake si kweli.

Dhana: Mwenye cheo kikubwa huenda atakako.
Aendaye atakako ni wewe. Yeye hupelekwa, na kabla hajafika watu wa usalama wameshakagua milango na kujua hospitali ya karibu ni ipi. Mwaka 2015 Papa Francis alisema anatamani siku moja atoke bila kutambuliwa, akale pizza. Mwaka huohuo alikwenda duka la miwani mjini Roma kubadilisha lenzi. Mzee wa miaka 78, kaketi mbele ya fundi kama mteja mwingine yeyote, na nje umati umejaa ukimpiga picha. Lenzi tu hizo, na dunia nzima ikapata habari.

Dhana: Asiyetaka walinzi angewakataa.
Nchini Marekani, rais na makamu wake walioko madarakani hawana ruhusa hiyo kisheria. Sweden ilikuwa tofauti. Jioni ya Februari 28, 1986, Waziri Mkuu Olof Palme hakuwa na walinzi. Alikuwa amewaruhusu waondoke. Akaenda sinema na mkewe, na wakati wanarudi kwa miguu akapigwa risasi katikati ya Stockholm. Baada ya hapo, nani atamlaumu mlinzi king'ang'anizi?

Dhana: Angalau mdomo na simu ni vyake.
Utani wake hugeuka msimamo wa serikali. Na Barack Obama, alipoingia Ikulu mwaka 2009, ilibidi apiganie kubaki na simu yake ya BlackBerry.

Dhana: Anayebanwa ni yeye peke yake.
Hili ndilo tunalolisahau zaidi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Kisha likaeleza kiongozi ni nani: mtu pamoja na mkewe, au pamoja na mumewe. Kwa hiyo mama aliyekuwa na nyumba yake ya kupangisha alibanwa na cheo ambacho hakukiomba. Mantiki naielewa, maana mali ingefichwa kwa mwenza. Lakini uhuru uliopotea hapo ulikuwa wa watu wawili.

Dhana: Akistaafu, yamekwisha.
Harry Truman aliondoka Ikulu ya Marekani mwaka 1953, enzi ambazo marais wastaafu hawakupewa walinzi. Kiangazi hicho akashika usukani mwenyewe, yeye na mkewe Bess, kutoka Missouri hadi pwani ya mashariki. Walitaka kusafiri kama watu wengine tu. Wakawa wanaingia mkahawani kula, na mtu wa meza ya pili anageuza shingo.