Postville, Iowa: ukitaka kuwajua wakazi, anza na machinjio

Mimi nafuatilia soko la ajira vijijini Marekani, na mtu akiniambia vijiji vya kule ni wazungu na mahindi basi, namtajia Postville. Kapo kaskazini mashariki mwa Iowa, watu elfu mbili na mia kadhaa tu, ila barabarani unapishana na Wayahudi wa Kihasidi (kundi la washika dini sana) wenye ndevu na kofia nyeusi, Waguatemala, Wamexico, Wasomali, na wajukuu wa walowezi wa Kijerumani na Kinorwe. Ukiwatoa hao wakulima wa zamani, waliobaki wote wameletwa na nyama.

Mwaka 1987 Aaron Rubashkin, mwenye bucha Brooklyn, alinunua kiwanda cha nyama kilichokuwa kimefungwa, akaanza kuchinja kwa sheria ya Kiyahudi, yaani kosher. Sasa hapa ndo penyewe. Anayechinja lazima awe Myahudi mshika dini aliyesomea kazi hiyo, kisu kisiwe na pengo hata dogo, mapafu yanapapaswa kwa mkono kutafuta kasoro, nyama inalowekwa na kutiwa chumvi itoke damu, na robo za nyuma za ng'ombe mara nyingi hawajisumbui nazo kwa sababu kuna mshipa wa pajani ulioharamishwa na kuutoa ni shughuli, kwa hiyo zinaenda soko la kawaida. (Waislamu mtakuwa mshaona undugu na halali.) Ukileta marabi unaleta na familia zao, inabidi pawe na shule, sinagogi, duka. Lakini marabi ni wachache, kukata mapande, kufungasha, kuosha damu usiku ni kazi za wengine, na kwa mshahara ule mwenyeji hagusi, wakaanza watu wa Ulaya Mashariki, kisha Wamexico na Waguatemala, wengi bila makaratasi.

Tarehe 12 Mei 2008 uhamiaji wakavamia kiwanda na helikopta juu, wakabeba watu 389. Kesi zilisikilizwa mji wa Waterloo, hukohuko Iowa, kwenye viwanja vya maonyesho ya ng'ombe, fikiria hilo, na wengi walikula miezi 5 jela kwa vitambulisho feki halafu wakarudishwa kwao. Familia zilikimbilia kanisa Katoliki la St. Bridget's.

Kuziba pengo kampuni ikaokota wafanyakazi popote: wasio na makazi kutoka Texas, Wasomali kutoka Minnesota, hadi Wapalau wa kule Pasifiki. Inachekesha lakini ina hesabu yake, raia wa Palau anafanya kazi Marekani bila viza, na Msomali mkimbizi ana kibali tayari. Novemba 2008 kampuni ikafilisika, nyumba za kupanga zikabaki tupu, mpaka 2009 Mkanada Hershey Friedman alipokinunua kiwanda na kukiita Agri Star.

Kwa hiyo wanaosema mchanganyiko wa watu ndo uliiponza Postville mimi siwaelewi. Kilichoiponza ni mwajiri mmoja. Noel, Missouri, hakuna aliyewavamia, Tyson walifunga tu kiwanda cha kuku mwaka 2023 na ajira kama 1,500 zikaondoka, kwenye mji wa watu elfu mbili hivi! Baraza la mji likinialika, ningewaambia watafute mwajiri wa pili kwanza, maonyesho ya vyakula vya mataifa yasubiri.