Ua la abstrakti sio kwamba mchoraji kashindwa kuchora

Shemeji yangu hapa Mikindani kaiangalia picha ya abstrakti, yaani isiyofuata umbo halisi la kitu, niliyochora ya maua ya mkorosho akasema "hii si hata mtoto wa chekechea anachora, we ua hulijui?" Nikacheka tu, maana hili nalisikia kila siku, eti mtu akichora ua halafu halifanani na ua basi ujue kashindwa.

Sio hivyo aisee. Hilma af Klint wa Sweden alimaliza chuo cha sanaa Stockholm mwaka 1887, mimea alikuwa anaichora vizuri tu ionekane kama ilivyo, halafu mwaka 1907 akatoa mapicha ya urefu wa mita 3 na ushee, yamejaa maduara na mizunguko kama petali, ua gani huwezi kusema. Mondrian naye, yule Mholanzi wa mistari na maboksi ya rangi, kachora maua ya krisanthemumu mpaka unataka kunusa.

Abstrakti ni kuchagua nini ubakishe. Chukua kishada cha mkorosho kisogeze karibu na jicho, viua vidogo vinaanza vyeupevyeupe vina mistari ya pinki, vikikaa vinageuka pinki kabisa, sa mimi nilitaka ule mgeuko wa rangi tu, petali tano za nini?

Na shemeji huyohuyo sebuleni ana kinyago cha Kimakonde cha mtindo unaoitwa mawingu, kimejipindapinda na matundu yake, si mtu si mnyama, na hajawahi kuuliza kama fundi alijua kuchonga.