Kaskazi na embe, kusi na machungwa: maswali mnayoniuliza kuhusu kununua chakula sokoni

Kazi yangu ni ya lishe, na nikikaa kliniki asubuhi kina mama wananiuliza habari za sokoni kuliko hata za dawa. Haya ndo yale yanayorudi kila wiki, nimeyajibu vile ningejibu tukiwa tumesimama soko la Kongowea hapa Mombasa na vikapu mkononi, mengine nitayavuta kidogo mnivumilie.

Swali: Kwani msimu una nini na afya yangu? Si mboga ni mboga tu?

Hapa kwetu msimu ni upepo, hata kama siku hizi twaangalia simu kuliko bahari. Kaskazi ikishika, kama Disemba mpaka Machi, jua lawaka na maembe yanamwagika kutoka Kilifi na Tana River, ngowe, boribo, dodo, mpaka mengine yaozea chini. Halafu masika yaingia, mvua ya Aprili na Mei, hapo mboga za majani zachipuka mpaka nyuma ya choo, mchicha, majani ya kunde, mnavu, mtoriro, na fungu lashuka bei. Kusi ikivuma bahari yachafuka, wenye vidau na ngalawa hawatoki, samaki apanda bei, lakini katikati ya mwaka hapo machungwa ya Kwale ndo yavuka na feri.

Sasa faida yake. Kitu cha msimu mara nyingi kimetoka karibu, hakikulala njiani siku tatu ndani ya lori chini ya turubai, na vitamini C hupungua kadiri mboga inavyokaa, joto likiwa kali ndo kabisa. La pili ni mfuko wako, na mimi naona hili ndo kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na muhogo na viazi havihesabiwi humo. Gramu 400 ni chakula kingi jamani, hutaifikisha kwa kununua kitu ambacho si wakati wake, utanunua vitatu uviweke mezani kama maua.

Swali: Sina pesa ya matufaha na zabibu za kutoka nje, watoto wangu watapata vitamini wapi?

Swali hili laniuma kwa sababu mama aliyeniuliza alikuja na mtoto ambaye mkononi alikuwa na pera. Dada, pera hilo lina vitamini C kama mara nne ya chungwa kwa uzito ule ule, na tufaha halifiki hata karibu na chungwa. Papai na embe zina ile kitu ya manjano ambayo mwili waigeuza vitamini A, ya macho na ya kinga. Tufaha si baya, lina nyuzinyuzi zake, lakini usijikope ili ulinunue.

Mabuyu pia mazuri, nasema ule unga mweupe wa asili ndani ya buyu. Yale mekundu ya kupikwa na sukari na rangi yanayotia ulimi damu ni peremende, hata mimi nala lakini siyaiti tunda.

Swali: Nilipimwa nikaambiwa damu iko chini, kila siku nala mchicha na haipandi. Kwa nini?

Kwanza kama umepewa vidonge vya madini ya chuma vimeze, mchicha peke yake hauwezi kukimbizana na damu iliyoshuka sana, hasa ukiwa mjamzito. Lakini hebu niambie waupikaje na wala na nini.

Chuma cha kwenye majani chaingia mwilini kwa shida, si kama cha nyama au samaki. Chataka kusukumwa, na kinachokisukuma ni vitamini C, kwa hivyo kamulia ndimu ukishaepua, au kula chungwa au pera pamoja na chakula. Na kinachokizuia ni chai. Sisi Mombasa chai ni maisha, lakini ukishushia chakula na chai ya rangi ama ya maziwa pale pale umejifungia mlango, ngoja saa moja au mbili ndo unywe.

Kuna mama mmoja wa mboga pale Kongowea upande wa mafungu, nilimkuta alfajiri ana mchicha wenye mizizi bado, udongo mwekundu waonekana, kaufunika na gunia bichi na kila baada ya muda atia mkono kwenye ndoo arushia matone. Nikamuuliza mbona hukati mizizi, akaniambia "mwanangu ukiukata washtuka, saa nne ushalala". Yuko sawa kabisa, na mimi tangu hapo natafuta wa mizizi. Nyumbani usiukate mpaka sufuria iko motoni, osha kwanza halafu ndo ukate, maana ukikata kisha ukaloweka vitamini yabaki kwenye bakuli. Pika dakika chache tu, maji kidogo, yale maji usiyamwage. Tui la nazi kidogo si dhambi, ile vitamini A ya majani yataka mafuta ili ifyonzwe, ila liwe tui jepesi, si lile zito mpaka kijiko chasimama.

Swali: Na maji je? Mtungi wa mkokoteni ni ghali, nitaoshaje mboga mara tatu?

Najua, mimi pia nanunua mtungi. Chukua mabakuli mawili. La kwanza ni la mchanga, tikisa majani humo, mchanga uzame. La pili safi, yaani maji ya kunywa au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, la sivyo wasuuza uchafu kwa uchafu. Maji ya la kwanza usimwage, yapeleke chooni. Chumvi na siki zatoa wadudu wanaoonekana, usizitegemee kuua vijidudu vya kipindupindu. Mboga ya kupikwa moto utakusaidia, cha kuangalia zaidi ni kachumbari, hasa wakati wa mvua mitaro ikifurika, nyanya na dania ndo zapita mbichi mpaka tumboni.

Swali: Nitajuaje samaki ni mbichi kweli?

Jicho liwe limejaa na lang'aa, si limezama lina ukungu. Inua shavu, ndani pawe pekundu, si kahawia. Bonyeza mgongo na kidole, shimo likibaki muachie mwenyewe. Na harufu iwe ya bahari. Basi, haya kila mtu wa pwani ayajua, ninalotaka kusema ni jengine.

Kuna samaki ambao waweza kukudanganya, wapita mitihani hiyo na bado wakakuumiza: vibua, jodari, nguru. Wakikaa juani bila barafu, nyama yao yatengeneza kitu kiitwacho histamini, na histamini haifi kwa moto, haitoki kwa kukaanga wala kwa ndimu, hata ukimtia frizani baadaye ishaingia. Nilijionea. Mwaka fulani nilinunua vibua saa tisa mchana kando ya barabara, karatasini, bei ya kutupa, nikavikaanga vizuri na pilipili. Haikufika nusu saa uso umekuwa mwekundu, moto, moyo wapiga kama ngoma, kichwa, mdomo wawasha, mdogo wangu naye hivo hivo. Tukadhani tuna mzio wa samaki. Sio mzio, ni samaki aliyekaa. Mara nyingi hupita baada ya saa chache, lakini ukiona pumzi yabana au ulimi wavimba nenda hospitali usingoje. Kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei, liwe barafu iko wapi, na wewe ukinunua nenda moja kwa moja nyumbani, usipitie kwa shoga yako.

Kusi ikikaza na samaki akawa ghali usilazimishe. Pojo, mbaazi, kunde, dagaa wakavu walioanikwa mahali safi, protini nayo imo. Mbaazi za nazi asubuhi ni chakula kizuri, shida ni yale mahamri matano ya pembeni.

Swali: Maembe haya ya kuivishwa na kabaidi, ile kemikali ya kuyaharakisha, nitayatambuaje?

Kwa macho peke yake huwezi kuwa na hakika, anayekwambia aweza akuuzia maneno. Lakini kuna dalili za kukutia shaka: ngozi manjano kote sawasawa kama rangi ya ukuta, huku ukilibonyeza gumu, ukilinusa kikonyoni halina harufu, ukilikata ndani jeupe karibu na kokwa. Tena liwe limefika sokoni kabla ya wenzake, kaskazi hata haijaanza. Ubaya wa kabaidi ya viwandani ni kwamba yaweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Mimi nafanya hivi: nanunua mabichi yaliyokomaa, navundika mwenyewe ndani ya kikapu na magazeti, nikiwa na haraka natia ndizi mbivu katikati. Siku tatu nne nyumba nzima yanukia embe. Na ya sokoni osha na umenye, usigugune na maganda.

Swali: Nina sukari. Embe ni haramu?

Mzee mmoja aliniambia msimu mzima huwa alala mapema ili asione wajukuu wakila embe. Jamani si hivyo. Nyama ya embe gramu 100 ina sukari kama gramu 14, kwa hivyo nusu ya embe dogo, baada ya chakula na sio badala ya kufungua kinywa, wengi hulimudu, na ukiwa na mashine pima kabla na saa mbili baada ujionee mwili wako. Kinachoharibu ni juisi: maembe matatu kwenye glasi moja, nyuzinyuzi zimechujwa, na sukari juu yake. Hata bila hiyo sukari juu, acha.

Na mchunga, ile ambayo wengine waifanya dawa ya sukari, maana najua swali laja: ni mboga nzuri, uchungu wake sawa, kula na ugali. Lakini usiache dawa zako kwa ajili ya mchunga. Nimewaona walioacha, wanarudi na vidonda vya mguu.

Swali: Muhogo wa kupika wataka tahadhari gani?

Muhogo wote una chembechembe zinazotoa sayanaidi, ule mchungu zaidi. Menya, kata, loweka, chemsha mpaka uive kabisa na maji yake umwage, hapa ni kinyume cha mchicha. Usitafune mbichi hata kama ni mtamu, na watoto wakatazeni. Ukikata ukaona mistari ya bluu au nyeusi ndani ushakaa, rudisha. Kisamvu nacho kitwangwe haswa na kichemke muda mrefu.

Swali: Kuna mtu ambaye hizi mboga na matunda zaweza kumdhuru?

Wapo. Mwenye figo zilizochoka asinywe madafu wala kula ndizi nyingi bila kuongea na daktari wake, potasiamu yaweza kumpanda mpaka moyo ukasumbuka. Na anayemeza warfarini ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha mchicha na sukuma, kula kiasi kile kile kila wiki, maana vitamini K ya majani yashindana na dawa.

Swali: Na yale maembe ya kukatwa na pilipili pale Lighthouse, kando ya bahari Mombasa, nile nisile?

Kula, lakini fika mapema na usimame uangalie. Embe likatwe mbele yako, sio lililokatwa saa sita likakungoja kwenye beseni, kwa joto letu la kaskazi likivuka nyuzi 32 tunda lililokatwa lisikae nje zaidi ya saa moja. Angalia kisu anakifuta na nini, na ile ndoo ya kusuuza maji yake yana rangi gani. Ile chumvi yenye pilipili mwambie anyunyize kidogo, siku nzima mtu atakiwa asizidi kijiko kimoja cha chai, na mwenye presha aombe pilipili na ndimu tu bila chumvi. Mimi nina wangu pale, nikitokea tu ashachagua ngowe moja gumu anamwagia maji ya mtungi kabla sijasema kitu, na nikichelewa mpaka magharibi ananiambia mwenyewe, "leo usile, njoo kesho."