Abdel Halim Hafez hakuuawa na mapenzi jamani

Kila nikiona watu wanamzungumzia Abdel Halim Hafez, yule mwimbaji na mcheza filamu wa Misri, lazima atokee mtu aseme eti alikufa kwa kuumizwa na mapenzi. Stori tamu sababu nyimbo zake ndo zilivyo, kilio cha mahaba mwanzo mwisho, ila sio kweli. Kilichomuua ni kichocho.

Ndio, kichocho hiki hiki ambacho watu wa kanda ya ziwa wanakijua. Halim alizaliwa 1929 kijiji cha El Halawat mkoa wa Sharqia, akabaki yatima angali mchanga kabisa, na utotoni akaambukizwa kwenye maji ya mfereji. Sasa hapa kuna dhana potofu nyingine na hii ndo inaniuma zaidi, wengi wanadhani kichocho ni kukojoa damu tu basi. Hapana. Kipo kinachokaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai ya wale minyoo yanapelekwa na damu mpaka kwenye ini yanakwama huko, miaka inaenda ini linajaa makovu, damu inakosa pa kupita, mishipa ya kooni inavimba hadi inapasuka na mtu anatapika damu. Halim ilimkuta hivyo katikati ya miaka ya 50, ndo kwanza jina linapanda, na bado akaimba miaka 20 mingine huku anaingia hospitali anatoka. Alifariki London tarehe 30 Machi 1977, ana miaka 47 tu.

Halafu hili la Soad Hosny, yule mwigizaji wa kike wa Misri. Ndoa ya siri imesemwa sana na mpaka leo watu wanabishana, ila hadharani Halim hakuwahi kuoa.

Wengine wanaamini alilala maskini akaamka staa. Wapi! Jamaa alisomea muziki Cairo, akapuliza oboe (ala ya kupuliza, kama zumari), akafundisha muziki shuleni, na wimbo wake Safini Marra mwanzoni watu waliukataa, ukaja kupokelewa 1953. Hata hilo Hafez sio jina la ukoo, yeye ni Abdel Halim Ali Shabana, Hafez kalichukua kwa Hafez Abdel Wahab, mtu wa redio aliyemshika mkono. Filamu zikaanza 1955, mwaka huohuo akaonekana na Faten Hamama na Omar Sharif kwenye Ayyamna al-Holwa, na mpaka ya mwisho 1969 zilikuwa 16.

Na wanaosema aliimba mapenzi tu wasikilize Hikayat Shaab ya 1960 kuhusu bwawa la Aswan, au Adda el-Nahar aliyoimba baada ya Misri kupigwa vita vya 1967.

La mwisho, ile filimbi kwenye Big Pimpin' ya Jay-Z watu wanadhani ni ya Timbaland, prodyuza wa wimbo huo, na wanaojua kidogo wanasema Halim ndo kaitunga. Wote hapana. Ni wimbo Khosara, Halim aliuimba kwenye filamu Fata Ahlami ya 1957, na aliyetunga muziki ni Baligh Hamdi. Mpwa wa Hamdi alienda mahakamani Marekani kudai haki za muziki huo, kesi ikatupwa 2015 kwa maelezo kwamba hana haki ya kushtaki, sio kwamba Hamdi hakuutunga, kwahiyo mkiisikia ile filimbi mtajeni Hamdi.