Je, wajua kwa nini Paris ya mpelelezi Maigret iko Budapest?

Wengi wetu tunamfahamu Rowan Atkinson kwa jina moja tu, Mr. Bean, yule bwana wa gari dogo la kijani na mwanasesere wa dubu. Ndiyo maana mwaka 2016 watu walipigwa na butwaa walipomwona kavaa koti zito na kofia, kiko cha tumbaku mdomoni, hacheki wala hachekeshi, akimsaka muuaji wa wanawake katika vichochoro vya Montmartre, jijini Paris, mwaka 1955. Hiyo ni Maigret, tamthilia ya upelelezi ya kituo cha ITV cha Uingereza, iliyotoa filamu nne ndefu kati ya 2016 na 2017. Ndani yake kuna mikahawa yenye meza za nje, magari meusi ya Citroën, mawe ya barabarani yanayong'aa kwa mvua na vibao vya Kifaransa kila kona. Utaapa kwamba ni Paris. Kumbe mitaa hiyo, karibu yote, iko Budapest, mji mkuu wa Hungaria, umbali wa kilomita 1,200 hivi upande wa mashariki.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1992 na 1993 kampuni ya Granada ilitengeneza vipindi 12 vya Maigret, na mpelelezi akawa Michael Gambon, ambaye baadaye alijulikana duniani kote kama mzee Dumbledore wa Harry Potter. Paris yake nayo ilikuwa Budapest. Sasa kwa nini Waingereza, ambao kutoka London hadi Paris ni mwendo wa saa mbili na nusu tu kwa treni, waruke Paris yenyewe wakatafute Paris nyingine mbali zaidi?

Jibu linalomjia kila mtu ni pesa. Pesa imo, na tutaifikia. Lakini haielezi kwa nini ichaguliwe Budapest hasa, wakati miji ya bei nafuu ni mingi na haifanani hata kidogo na Paris.

Tuanze na Maigret mwenyewe. Aliyembuni ni Georges Simenon, Mbelgiji aliyezaliwa Liège mwaka 1903. Kuanzia 1931 hadi 1972 alimwandikia riwaya 75, mbali na hadithi fupi. Maigret ni mkuu wa kikosi cha mauaji, ofisi yake iko Quai des Orfèvres namba 36, kwenye kisiwa kilicho katikati ya mto Seine, na hapo kweli ndipo yalipokuwa makao ya polisi wa upelelezi wa Paris hadi walipohamia jengo jipya mwaka 2017. Hana mbio wala bastola za kuonyesha. Yeye huenda mahali alipokuwa akiishi marehemu, akaketi kwenye baa ya jirani, akaagiza kinywaji, akasikiliza, akanusa, akarudi kesho yake. Kesi anaitatua kwa kuuzoea mtaa. Kwa hiyo mtaa ukiwa wa uongo katika hadithi ya namna hii, hadithi nzima inaanguka. Tamthilia ya mbio za magari inaweza kupigwa picha popote, ila hii haiwezi.

Waingereza wa kwanza kumleta kwenye televisheni waliliona hilo. BBC ilirusha vipindi 52 kati ya 1960 na 1963, Rupert Davies akiwa Maigret. Matukio ya ndani yalirekodiwa studio, na kwa picha za nje mafundi wakavuka bahari hadi Ufaransa. Wakati huo hapakuwa na sababu ya kuhangaika, kwani Paris ya Simenon ilikuwa bado ipo, imesimama palepale, nyeusi kama chungu.

Nyeusi, ndiyo. Hili ndilo jambo ambalo mgeni wa Paris ya leo hawezi kulidhania. Yale majengo ya mawe ya rangi ya maziwa yanayopendeza kwenye kadi za posta yalikuwa yamefunikwa na masizi ya makaa ya mawe, miaka na miaka ya moshi wa majiko, viwanda na treni. Mwandishi André Malraux alipokuwa waziri wa utamaduni, kuanzia 1959, ndipo ilipoanzishwa kazi kubwa ya kuyasafisha. Mwaka 1962 ikafuata sheria inayoitwa kwa jina lake, ya kuhifadhi mitaa ya kale. Kuta zikaoshwa moja baada ya nyingine, jiji likabadilika rangi. Kisha mwaka 1969 soko kuu la chakula, Les Halles, likahamishiwa Rungis, nje ya mji, na mabanda yake ya chuma yakabomolewa. Yale mabasi ya zamani ambayo abiria alisimama kwenye jukwaa la nyuma akivuta sigara nayo yakastaafishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Magari ya Citroën Traction Avant yalikuwa yameacha kutengenezwa tangu 1957.

Kwa maneno mengine, mtu akitaka kuigiza mwaka 1955 leo katikati ya Paris, atakuta Paris imepigwa sabuni. Juu ya hapo kuna taa za barabarani, njia za baiskeli, magari yaliyoegeshwa pande zote, maduka ya simu, na watalii ambao hawaondoki usiku wala mchana. Kufunga mtaa mmoja kwa siku tatu panahitajika vibali, polisi na uvumilivu wa wakazi waliokwisha kuchoshwa na kamera. Inawezekana, filamu nyingi hufanya hivyo, lakini kila saa inagharimu.

Budapest inaingiaje hapa? Haikufanana na Paris kwa bahati. Buda, Óbuda na Pest ziliunganishwa kuwa mji mmoja mwaka 1873, na Wahungaria wakaamua mji wao mpya usizidiwe na Vienna, mji mkuu wa Austria. Miaka mitatu kabla walikuwa wameunda baraza la ujenzi wa jiji, na macho yao yalikuwa London na hasa Paris, ambako Baron Haussmann, chini ya Mfalme Napoleon III, alikuwa ametoka kubomoa vichochoro na kupasua barabara pana zilizonyooka. Pest ikapata barabara yake kuu, Andrássy, iliyofunguliwa 1876, na barabara ya mzunguko yenye majengo ya ghorofa nne tano yaliyopangwa mstari, roshani za chuma, maduka chini, makazi juu. Hata kituo cha reli cha Nyugati, kilichofunguliwa 1877, kilijengwa na kampuni ya Gustave Eiffel, miaka 12 kabla Paris haijapata mnara wake.

Mji ukajengwa kwa haraka, karibu wote ndani ya kizazi kimoja. Kisha historia ikaufunga. Vita Kuu ya Kwanza ikavunja dola ya Austria na Hungaria, Vita ya Pili ikaleta mzingiro wa mwishoni mwa 1944 na mwanzoni mwa 1945, mwaka 1956 vifaru vya Kisovieti vikaingia mitaani, na kwa miongo minne ya ukomunisti hapakuwa na fedha wala haraka ya kupaka rangi majumba ya mabepari wa zamani. Lipu ikabanduka, masizi yakakaa, matundu ya risasi yakabaki ukutani. Kwa mkazi hiyo ilikuwa dhiki. Kwa mpiga picha aliyefika mwaka 1992 akitafuta Paris ya baada ya vita, ilikuwa hazina. Wakazi wa Paris wangeona aibu kukiri, lakini mji wa ng'ambo ulikuwa umebaki na sura ambayo wao walikwisha kuiosha.

Ndiyo sababu mimi nauona mfululizo wa Gambon kuwa bora kuliko wa Atkinson kwa upande wa mandhari, ingawa picha zake ni za kizamani. Kuta zile ni chafu kwelikweli, hakuna aliyezichafua kwa brashi. Miaka 24 baadaye Budapest yenyewe ilikuwa imeanza kujipamba, ikabidi mafundi wa sanaa watumie jasho zaidi.

Haya, pesa sasa. Mwaka 1992 hesabu ilikuwa rahisi. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, forinti ilikuwa dhaifu mbele ya pauni, na Hungaria ilikuwa na mafundi hodari wa filamu waliofunzwa katika studio za serikali: maseremala, washonaji, wapiga picha. Baadaye unafuu huo ukawekwa kwenye sheria. Tangu mwaka 2004 Hungaria humrudishia mtengenezaji wa filamu sehemu ya fedha alizotumia nchini humo. Ilianza na asilimia 20, ikapanda hadi 25 mwaka 2014, kisha 30 mwaka 2018. Kwa hiyo filamu za Atkinson zilipotengenezwa, kila pauni milioni moja iliyokubaliwa kwenye hesabu ilirudisha robo milioni. Ufaransa nayo ina marejesho ya namna hiyo kwa wageni, lakini mishahara na bei za Paris hula faida mapema.

Ukitaka kujua lipi lina uzito zaidi, pesa au sura, tazama tamthilia nyingine za Uingereza zilizowekwa kwenye miji ya Ulaya. Zen ya BBC, mwaka 2011, kuhusu mpelelezi wa Roma, ilipigwa picha Roma. Wallander ya Kenneth Branagh, kuanzia 2008, ilipigwa Ystad, Uswidi, palepale hadithi inapotokea. Van der Valk mpya, kuanzia 2020, iko kwenye mifereji ya Amsterdam. Zote tatu ni hadithi za siku hizi, na mji wa leo unajiigiza wenyewe bila gharama ya kuuficha. Lakini Vienna Blood, iliyowekwa Vienna ya mwanzoni mwa karne ya 20, iligawa kazi kati ya Vienna na Budapest. Kadiri hadithi inavyorudi nyuma, ndivyo safari ya kwenda Hungaria inavyonukia.

Kisha kuna suala la lugha, ambalo nadhani ndilo linalorahisisha udanganyifu wote. Katika Maigret polisi wa Paris wanazungumza Kiingereza: hakimu anaongea kama bwana mkubwa wa London, mlinzi wa mlangoni anaongea kama mtu wa mtaa wa wafanyakazi, na mtazamaji wa Uingereza anatambua mara moja nani ni wa tabaka gani. Ukutani, hata hivyo, Kifaransa kinabaki: bucha, duka la mikate, jina la mtaa. Sisi tuliozoea masultani wa Kituruki wakigombana kwa Kiswahili hatuna haja ya kufafanuliwa sana. Mtazamaji akishakubali kwamba Mfaransa anamhoji Mfaransa mwenzake kwa Kiingereza safi, kukubali kwamba Andrássy ni barabara ya Paris ni hatua ndogo.

Simenon mwenyewe asingekuwa na la kulalamika. Mwaka 1945 aliondoka Ulaya, akaishi Kanada na Marekani kwa miaka kumi. Riwaya iliyozaa filamu ya pili ya Atkinson, Maigret's Dead Man, aliiandika Tucson, jangwani Arizona. Ile ya Maigret in Montmartre aliiandika Lakeville, Connecticut. Paris hiyo ya mvua na masizi ilitoka kichwani mwa mtu aliyekuwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Ukitaka kuwanasa watengenezaji, kuna mahali pa kutazama. Kwanza ni mto. Danubi ni mpana mno, mita 300 na zaidi, ilhali Seine kwenye kisiwa cha Maigret imegawanyika mikono miwili myembamba. Kwa hiyo kamera ikikaribia ukingo, huwa inabana, au Paris halisi inaingizwa kwa kompyuta. Pili ni tramu, yaani treni ndogo za mitaani. Paris iling'oa reli zake za tramu mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati Budapest zinapita hadi leo kwenye barabara kuu ya mzunguko, basi hiyo huepukwa au nyaya zake hufutwa baadaye. Tatu ni kuta zenyewe: Paris ni mawe ya kuchongwa, Budapest mara nyingi ni matofali yaliyopigwa lipu ya kuigiza mawe, na kona ikimomonyoka tofali jekundu huchungulia. La nne ndilo rahisi kuliko yote. Mpelelezi akiingia ndani ya jengo na kuinua macho, tazama uani. Nyumba za kupanga za Budapest zina ua wa ndani uliozungukwa kila ghorofa na ujia wa wazi wenye reli za chuma, na milango ya wapangaji inafunguka kwenye ujia huo. Paris hupandi hivyo. Unapanda ngazi za ndani hadi mlangoni.

Kuhusu toleo jipya la mwaka 2025, ambamo Maigret ni kijana, anaigizwa na Benjamin Wainwright, na anafanya kazi katika Paris ya leo yenye simu na kompyuta, visingizio vya masizi na mabasi ya zamani havipo tena. Nalo lilipigwa picha Budapest.